Kabla hujamwandikisha mtoto, nenda ukaione shule siku ya kazi

Oktoba ikifika tangazo huanza kupita vijijini: mwenye mtoto wa kuanza awali au darasa la kwanza Januari amwandikishe. Mwenyekiti wa kitongoji analisema mkutanoni, karatasi inabandikwa ukutani dukani, na watoto wenyewe wanaulizana nani ataanza na nani. Hapo ndipo wazazi wengi tunapoamua haraka jambo ambalo mtoto atakaa nalo miaka yote ya msingi. Tunaamua kwa kusikia. Shule fulani inafaulisha. Shule fulani watoto wake wanaongea Kiingereza. Shule fulani ina basi la njano linalopita barabara kuu saa kumi na moja alfajiri.

Zamani mzazi wa kijijini hakuwa na la kuchagua, shule ilikuwa moja tu. Siku hizi vijiji vingi vina zaidi ya njia moja. Ipo shule ya msingi ya kijiji. Ipo shule shikizi iliyojengwa kitongojini ili watoto wadogo wasivuke mto kwenda shule mama. Ipo shule ya kijiji jirani, na kwa aliyeuza mpunga vizuri ipo shule binafsi ya mjini. Kuchagua kumekuja, lakini kwenda kuangalia bado hatujakuzoea.

Mimi mwenyewe nilikosea kwa mtoto wangu wa kwanza. Nilialikwa mahafali ya darasa la saba katika shule moja binafsi. Maturubai yamefungwa, muziki unapigwa, watoto wamevaa sare zilizonyooshwa, mmoja wao akasimama akasoma risala kwa Kiingereza bila kukwama. Nikasema hapa ndipo. Tukauza ng'ombe mmoja, mtoto akaanza. Alipofika darasa la tatu nilimwandikia sentensi mbili kwenye karatasi, za Kiswahili tu, nikamwomba anisomee. Akaiangalia karatasi, kisha akaniangalia mimi. Aliweza kuimba herufi zote, na kila mgeni aliyeingia nyumbani alimsalimia kwa Kiingereza, lakini kusoma hakujua. Nilipofuatilia nikaambiwa darasa lao lilibadilishiwa mwalimu mara nne ndani ya mwaka mmoja. Hilo ningelijua mapema kama ningeenda pale siku moja ya kawaida, siku isiyo na maturubai.

Siku gani, saa ngapi

Usiende siku ya mahafali, siku ya kikao cha wazazi, wala wiki ya mitihani. Nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi isiyo na shughuli yoyote. Fika saa tatu asubuhi, ukae mpaka watoto watoke mapumziko na warudi darasani. Hapo utakuwa umeona kipindi, umeona wanavyocheza na wanavyokula, na umeona inachukua muda gani kengele ikishalia mpaka mwalimu aingie. Kama ni msimu wa mvua, vizuri zaidi. Paa linalovuja na njia inayojaa maji hazionekani mwezi wa nane.

Shule ya serikali ni ya umma, nawe ni mzazi, kwa hiyo una haki ya kuuliza. Lakini watoto wa watu wako pale, hatuzunguki madarasani kama tuko mnadani. Piga hodi ofisini kwanza, salimia, jitambulishe, saini kitabu cha wageni, kisha sema waziwazi: "Mwalimu, nina mtoto anayeanza mwakani, naomba kuiona shule." Mwalimu mkuu akiwa na kazi anaweza kukupangia siku nyingine, na hilo si kosa. Ukirudi mara tatu na bado hakuna wa kukuonyesha hata darasa moja, umeshajibiwa.

Angalia pia kama kuna aliyekuuliza wewe ni nani. Shule ambayo mtu mgeni anaweza kuingia, kukatiza uwanja na kusimama mlangoni mwa darasa la awali bila mtu kumuuliza, ni shule ambayo mtu yeyote anaweza kuondoka na mtoto.

Njia ni sehemu ya shule

Nenda naye mtoto, kwa miguu, kwa mwendo wake na si kwa mwendo wako. Nusu saa ya mtu mzima ni karibu saa nzima ya mtoto wa miaka sita mwenye begi. Angalia mto, angalia barabara ya magari, angalia kichaka ambacho asubuhi kina umande na jioni kina giza. Uliza watoto wengine wa njia hiyo ni nani, wanatoka saa ngapi, na kama wapo wakubwa wa kufuatana nao.

Hapa ndipo shule shikizi inaponisumbua kichwa, maana faida yake ni kubwa na kasoro yake nayo ni kubwa. Iko karibu. Mtoto wa awali anarudi nyumbani akiwa bado na nguvu. Mwaka 2021 na 2022 serikali ilijenga madarasa 3,000 katika shule shikizi kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kwa hiyo nyingi leo zina jengo la tofali na bati, si kivuli cha mwembe tena. Lakini jengo halifundishi. Ukifika uliza walimu ni wangapi, na wangapi kati yao wameajiriwa. Wapi pana walimu wawili kwa awali hadi darasa la tatu, mmoja akiugua au akiitwa wilayani, shule nzima inabaki kwa mtu mmoja. Na wapi pana kijana aliyemaliza kidato cha nne anayejitolea kwa posho ya wazazi, muulize amepewa mafunzo gani na nani anamsimamia. Wengine wanafanya kazi nzuri sana, lakini posho ikikosekana miezi miwili huwezi kumlaumu akiondoka.

Ukikuta shikizi ina mwalimu mmoja imara wa darasa la kwanza na la pili, mimi ningemwacha mtoto hapo miaka ya mwanzo, kisha ahamie shule mama akishakua na miguu ya kutembea. Ukikuta haina, afadhali kutafuta namna ya kumvusha mto.

Sikiliza kabla hujaangalia

Simama uwanjani dakika tano ukisikiliza. Darasa linalofundishwa lina kelele zake: sauti ya mwalimu, sauti za watoto wakijibu, kicheko, ukimya wakati wa kuandika. Darasa lisilo na mwalimu nalo lina kelele zake, na kila aliyesoma anazijua. Hesabu madarasa yako mangapi, kisha hesabu yenye mtu mzima ndani ni mangapi.

Mwaka 2014 utafiti wa Benki ya Dunia katika shule za msingi za Tanzania ulifika shuleni bila taarifa na kukuta karibu nusu ya walimu hawamo darasani wakati wa kipindi. Wengi wa hao hawakuwa wamebaki nyumbani. Walikuwa shuleni, ila nje ya darasa. Ndiyo maana kuuliza "walimu wenu wanakuja kazini?" hakukusaidii sana. Wanakuja. Swali ni wako wapi saa nne kasoro robo.

Tuwe wa haki hapa. Mwalimu anaweza kuwa anasahihisha madaftari 120, anajaza taarifa zinazotakiwa kata leo hii, au anashughulikia mtoto aliyeanguka. Walimu wakiwa saba na madarasa tisa, mawili yatabaki peke yake hata kama wote saba ni wachapakazi. Ukiona darasa halina mtu, uliza kwa upole: hawa watoto sasa hivi ni kipindi cha nani? Mwalimu mkuu anayejua shule yake atakuambia papo hapo jina la mwalimu, alipo, na watoto wamepewa kazi gani. Anayeanza kutazama dari hajui.

Nani anafundisha darasa la kwanza?

Kama una nafasi ya swali moja tu kwa mwalimu mkuu, uliza hilo. Shule nyingi huwapeleka walimu wao bora darasa la saba, kwa sababu mtihani wa darasa la saba ndio unaotangazwa na ndio wilaya inaoulizia. Darasa la kwanza linaachiwa mwalimu mgeni, au anayekaribia kustaafu, au yeyote aliyebaki. Ni kama kujenga nyumba ukamleta fundi hodari wakati wa kupaka rangi, msingi ukamwachia anayejifunza. Uliza mwalimu wa darasa la kwanza ni nani, yuko darasa hilo miaka mingapi, na alipata mafunzo ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Kisha omba kumuona akifundisha hata dakika kumi, ukiwa umekaa nyuma.

Utakapokuwa umekaa, hesabu vichwa. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja katika msingi, na 25 katika awali. Kijijini utakuta 90, utakuta 130. Namba kubwa peke yake isikufukuze, maana huenda hakuna shule nyingine yenye namba ndogo. Tazama mwalimu anafanya nini na namba hiyo. Wapo wanaoligawa darasa, nusu asubuhi na nusu baadaye. Wapo wanaoweka watoto makundi, wakazunguka wakiinama kwa huyu na kwa yule. Na wapo wanaosimama mbele wakisema "a, e, i, o, u" na watoto mia wakirudia, nusu yao wakitazama dirishani. Katika darasa la kuitikia mtoto asiyejua hajulikani, kwa sababu mdomo wake unacheza sawa na wa wenzake. Mwanangu alikuwa hivyo.

Angalia ukutani. Kuna herufi na picha zilizochorwa kwa mkono kwenye mifuko ya sandarusi au maboksi? Kuna vihesabio, yaani vizibo vya soda, vijiti, mbegu, vyenye vumbi la kushikwashikwa? Kitu kilichochakaa kwa kutumika ni dalili nzuri kuliko bango jipya lililofungiwa kabatini. Uliza vitabu vya kusoma viko wapi na watoto wangapi wanashirikiana kitabu kimoja. Ukiambiwa viko stoo visichafuke, basi havisomwi.

Daftari la mtoto wa jirani

Kazi nyingine unaweza kuifanya bila kufika shuleni. Mwombe jirani mwenye mtoto darasa la pili au la tatu katika shule unayoifikiria akuonyeshe madaftari. Angalia tarehe. Mwezi una siku za shule zaidi ya 20. Je, hesabu zimeandikwa mara ngapi? Angalia alama za vyema na kosa. Kisha soma majibu yenyewe, usiangalie wino mwekundu tu. Nimewahi kuona 7 + 6 = 12 imepewa vyema, ukurasa mzima umepitishwa kalamu kwa haraka. Daftari lisilosahihishwa linasema mwalimu hana muda. Daftari lililosahihishwa bila kusomwa linasema jambo baya zaidi, kwa sababu mtoto ameshaambiwa kwamba amepata. Na ukikuta kosa limewekewa alama, halafu chini yake mtoto amelirudia vizuri, na alama nyingine ikawekwa, hapo mwalimu yupo.

Mwandiko mzuri usikudanganye. Watoto wengi wananakili ubaoni vizuri kama wanachora picha, bila kusoma walichoandika. Kwa hiyo andika kwenye karatasi safi hadithi fupi ambayo hawajaifundishwa. Unaweza kutumia hii:

Asha ana kuku. Kuku wake ametaga mayai manane. Jana Asha alipika mayai matatu. Mengine ameyaacha kwenye kiota.

Mpe mtoto asome polepole, peke yake, wenzake wasimcheke. Kisha uliza: kuku ni wa nani? Kwenye kiota yamebaki mayai mangapi? Mtoto anayemaliza darasa la pili anatakiwa aweze. Usimpime mmoja, pima watatu au wanne wa shule hiyo, wa nyumba tofauti. Mmoja anaweza kuwa alifundishwa na dada yake nyumbani, mwingine huenda aliumwa mwaka mzima. Wanne wa darasa la tatu wakishindwa wote, umeijua shule bila kusikia maneno ya mtu. Mtindo huu si wangu. Tathmini ya Uwezo hutumia namna hiyo hiyo: wanaojitolea hupita nyumba kwa nyumba na hadithi na hesabu za kiwango cha darasa la pili.

Matokeo ya mtihani, na namna ya kuyasoma

Baraza la Mitihani, NECTA, huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake, na simu yenye intaneti inatosha kuyaona. Yapo ya darasa la saba na ya upimaji wa darasa la nne. Watu hukimbilia la saba. Mimi naomba uanze na la nne, kwa sababu linakuambia shule inafanya nini na watoto wadogo. Angalia miaka mitatu na si mmoja.

Ukifika darasa la saba, usiangalie wastani wa shule kati ya alama 300 ukaishia hapo. Angalia watahiniwa walikuwa wangapi. Shule ya watoto 22 waliochaguliwa kwa usaili na shule ya kijiji yenye watoto 140 hazishindani mbio moja. Kisha rudi kwenye orodha ya darasa la nne ya watoto haohao, miaka mitatu nyuma. Kama walikuwa 60 na waliofanya mtihani wa darasa la saba ni 38, uliza 22 walikwenda wapi. Wengine walihama na wazazi wao, ni kawaida. Lakini zipo shule zinazowarudisha darasa au kuwaambia wazazi wawahamishe watoto wanaosuasua, ili wastani upande. Katika shule ya namna hiyo mtoto wako akikwama hatasaidiwa. Ataondolewa.

Vyoo

Omba kuona vyoo vya watoto. Vile vya walimu, vyenye kufuli, usivihesabu. Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu matundu, uliza idadi ya watoto, ugawanye mwenyewe. Angalia kama milango ipo na inafungika kwa ndani, kama kuna maji karibu na sabuni au hata jivu. Baba, upande wa wasichana usiingie, mwombe mwalimu wa kike akueleze au nenda na mama mtoto. Binti anayeanza leo atavunja ungo akiwa bado shuleni hapo, kwa hiyo uliza kuna chumba cha kujihifadhi, na nani anakaa na ufunguo. Ukijibiwa na mwalimu wa kike bila kusitasita, jambo hilo wameshalifikiria. Kama mtoto wako ana ulemavu wa miguu, mpeleke mwenyewe mpaka chooni siku hiyohiyo. Njia ya mteremko mlangoni mwa ofisi haimsaidii aliyeshindwa kufika choo.

Chakula na michango

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada, kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015. Sare, madaftari na kalamu vimebaki kwa mzazi. Chakula cha mchana huchangwa kwa makubaliano ya kikao cha wazazi, mara nyingi debe la mahindi na maharage kidogo kwa muhula, pamoja na posho ya mpishi. Uliza walikubaliana nini na lini. Kisha uliza jambo ambalo wengi hawaulizi: mtoto ambaye kwao hawajatoa anakula? Saa ya uji simama uone. Ukiona kundi limekaa pembeni chini ya mti likitazama wenzake, jua kwamba mwaka utakaovuna vibaya mtoto wako naye atakaa pale. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango hairuhusiwi, na mwalimu mkuu anajua hivyo.

Ubao wa matangazo nao usome. Ruzuku inayoingia shuleni na ilivyotumika inatakiwa kubandikwa hapo. Karatasi ya mwaka juzi iliyopauka kwa jua maana yake ni kwamba hakuna anayeisoma, pamoja na sisi wazazi.

Fimbo

Uliza bila kuzunguka: "Mtoto akikosea, mnafanyaje?" Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shuleni hakuna mwalimu wa kike. Mimi sipendi hata hivyo vinne, ila najua wasikilizaji wengi hatukubaliani hapa. Tunakubaliana walau kwamba mwalimu wa zamu hatakiwi kusimama getini na fimbo akimchapa kila aliyechelewa, wala darasa zima halichapwi kwa kukosa hesabu. Ukiambiwa kitabu cha adhabu kipo, omba kukiona.

Kuliko majibu ya ofisini, tazama watoto mwalimu anapopita. Wanamkimbilia kumsalimia, wanaendelea kucheza, au wanajikunja na kukinga kichwa kwa mkono? Mtoto mdogo hawezi kuigiza hilo kwa ajili ya mgeni.

Uliza pia mtoto akifanyiwa jambo baya na mtu mzima, shuleni au njiani, anamwambia nani. Shule inatakiwa iwe na mwalimu wa malezi na unasihi ambaye watoto wanamjua kwa jina. Mwite mtoto mmoja wa darasa la nne umuulize mwalimu huyo ni yupi. Na wewe weka kwenye simu namba 116, ni namba ya taifa ya kusaidia watoto, na kupiga ni bure.

Ukiifikiria shule binafsi

Yote niliyoyasema hapo juu yanahusu shule binafsi vilevile, pamoja na mambo mawili matatu zaidi. Omba kuona cheti cha usajili, na namba iliyopo uiulizie kwa afisa elimu wa wilaya. Shule isiyosajiliwa itakusumbua siku ya mtihani, ukiwa umeshalipa miaka mingi. Omba orodha ya malipo yote ya mwaka kwa maandishi: ada, basi, chakula, sare za aina tatu, masomo ya ziada, mtihani wa majaribio, safari. Jumlisha mwenyewe kabla ya kusaini, kisha jiulize kama utaweza mwaka ambao mvua haikunyesha. Mtoto kuhamishwa katikati ya darasa la tatu kwa sababu ya deni ni pigo kubwa kuliko kuanza shule ya kijiji tangu mwanzo.

Bweni kwa wadogo halipo tena kisheria. Tangu Machi 2023 watoto wa awali hadi darasa la nne hawaruhusiwi kulala bweni, isipokuwa shule iwe na kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Ukiambiwa "tunawalaza kwa mama mmoja hapa jirani," hilo ni bweni lililobadilishwa jina.

Kuhusu Kiingereza, hofu ya wazazi naielewa. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza na mtoto wa shule ya Kiswahili anaanza nyuma. Lakini kaa nyuma ya darasa la tatu la shule hiyo ya Kiingereza usikilize. Mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza, mtoto anajibu kwa maneno yake mwenyewe, au wote wanaitikia "yes teacher"? Mwalimu akitaka kueleza jambo gumu anaweza, au anarudi kwenye Kiswahili? Nikipewa kuchagua kati ya mwalimu anayefundisha vizuri kwa Kiswahili na anayebabaika kwa Kiingereza, mtoto wangu wa pili nilimpeleka kwa wa kwanza. Kusoma akishakujua kwa lugha moja, lugha ya pili ina mahali pa kushika.

Na kama shule ni moja tu

Vijiji vingi bado viko hivyo, na utasema yote haya ya nini kwangu. Nenda tu. Wewe ndiye utakayekaa kwenye kikao cha wazazi na kupiga kura ya kamati ya shule. Mzazi aliyeona kwamba matundu ya wasichana ni manne kwa watoto 210, au kwamba darasa la kwanza halina mwalimu wa kudumu, anasimama kikaoni na jambo la kusema. Akifika kwa afisa elimu kata anakwenda na namba. Walimu wazuri hufurahia mzazi wa namna hiyo, maana wao wameyasema hayohayo muda mrefu peke yao.

Ukishaamua, nenda kuandikisha mapema. Mtoto wa miaka mitano anaanza awali, wa miaka sita anaanza darasa la kwanza. Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama hana, usimweke nyumbani kwa sababu hiyo. Mwandikishe, huku ukifuatilia cheti. Na wenye watoto wadogo zaidi mfuatilie sasa: kwenye mikoa yenye mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, cheti hutolewa bila malipo kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, na akishatimiza mitano utaratibu unabadilika.